Seli ya Ukili

Aweys alipiga kasia akitazama mbele, lakini masikio aliyaacha nyuma, kwa abiria wake wawili waliokuwa wakivuka mto Tana hapo Masalani. Ifrah, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amepakata seli ya mfano aliyoisuka kwa ukili, msuko wa kushonea mikeka. Mwalimu wa biolojia alitaka kila mmoja aunde yake kwa mikono, na leo ndiyo siku ya kuionyesha darasani. Bibi Bishara, aliyezeeka akisuka mikeka, aliipokea akaigeuzageuza.

“Nyumba yako haina mlango,” alisema. “Walio ndani watakula nini?”

“Si nyumba, ayeyo,” Ifrah alimwambia bibi. “Ni seli. Mwili umejengwa kwa vitu hivi, vidogo hata jicho halivioni.”

“Na havili?”

Ifrah aliikagua seli mikononi mwa bibi. Kwenye mtihani aliichora milango yote. Kwenye ukili aliisahau. Aweys akapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyemwomba.

Bibi alitoa sindano yake ya kushonea mikeka, akaanza kufungua upenyo. “Hata mimi ninazo?”

“Mamilioni kwa mamilioni.”

“Hata kwenye goti hili bovu?”

“Hata hapo, wallahi.”

Mtumbwi uligusa ukingo, bibi akamrudishia Ifrah seli yenye mlango. Aweys akamnyooshea bibi mkono amvute, kama kila siku.

“Polepole, Aweys,” bibi alisema. “Nimebeba nyumba nyingi.”