Verna Feltham na Jumamosi za Magurudumu

Haya, wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama birika liko motoni, liepueni lisitupigie kelele. Leo tunamkumbuka mtu ambaye mwenyewe asingekaa kunisikiliza. Angesimama mlangoni, koti mwilini, ufunguo mkononi, aniambie, "Geraldine, fupisha bwana, mwanga bado upo."

Tunamkumbuka Verna Feltham wa Gannet Cove. Verna Feltham, binti wa marehemu Ambrose na marehemu Drusilla. Alifariki wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na tisa. Ameacha kaka mmoja, Selby. Ameacha pia pikipiki ya magurudumu matatu. Nusu ya pikipiki, tuseme ukweli. Nusu nyingine ni ya Selby, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mzee Ambrose aliinunua mwaka themanini na nne, nyekundu, mpya kabisa. Wenye umri wangu mnazikumbuka pikipiki zile. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, hakuna springi, hakuna shokapu. Kinachokuokoa kiuno ni upepo ulio ndani ya tairi, basi. Ukishusha mguu chini kwa mazoea, gurudumu la nyuma linaupanda. Nusu ya wanaume wa ghuba hii wana kovu kisiginoni, na wote watakuapia kwamba waliteleza ngazini.

Mzee alipofariki, aliacha pikipiki moja na watoto wawili. Selby alikuwa mtu wa kuni. Alitaka matairi membamba yenye meno, ya kung'ata njia za msituni akivuta trela lake. Verna alikuwa mtu wa kinamasi, mtu wa kwenda kuchuma beri, na mtu wa kwenda tu. Alitaka matairi mapana, laini, yenye upepo kidogo, yale ambayo ukiyabonyeza kwa gumba yanabonyea. Pikipiki moja, matairi ya aina mbili. Unafikiri nini kilitokea?

Selby anakumbuka. "Nilitoka asubuhi nikakuta amenifungulia matairi yangu, kaweka yake. Nikamwambia, we Verna, hayo ni matairi au mitumbwi? Akanijibu, mitumbwi inaelea, kaka. Ya kwako yanazama, kama mwenyewe."

Walirushiana maneno mpaka mama yao, Bi Drusilla, akatoka jikoni na unga mikononi. Akatoa hukumu, na hukumu hiyo iliongoza nyumba ile kwa miaka yote iliyofuata. Isikilizeni vizuri. Kila mtu awe na magurudumu yake matatu, tairi na rimu. Kila Jumamosi asubuhi, mmoja anafungua ya kwake, mwingine anafunga ya kwake. Yule ambaye magurudumu yake yamefungwa, wiki ni yake. "Na mtu asiguse nati ya mwenzake," akasema, "la sivyo naitupa baharini, mtembee kwa miguu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya Selby, wiki ya Verna. Pikipiki ilikaa katika kibanda cha mama, katikati ya nyumba zao mbili.

Selby alinunua magurudumu yake mara moja, akaridhika. Verna hakuridhika hata siku moja. Alizunguka majalala yote kuanzia hapa hadi Clarenville akitafuta rimu. Aliagiza matairi kutoka bara, akayajaribu, akayachukia, akaagiza mengine. Alikuwa na ya kinamasini, ya kokoto, ya barafu. Tairi gumu kuingia kwenye rimu alilipaka povu la sabuni ya vyombo, akalizungushia mkanda wa kufungia mizigo, akajaza upepo, hadi pale tairi lilipokamata rimu, pa! na mbwa wa kijiji kizima wakabweka.

Na alipima. Magurudumu ya nyuma ya mashine zile yamefungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja. Tairi moja likizidi mwenzake hata kwa upana wa kidole, pikipiki inakuvuta upande, inakupeleka mtaroni. Verna hakuamini namba zilizoandikwa ubavuni. Alichukua utepe wa mama yake wa kushonea, akazungushia tairi la kushoto, akazungushia la kulia. Yasipolingana, yanarudi yalikotoka. Mama yake akilalamika kwamba gauni la mtu limepimwa na utepe wenye tope, Verna keshaondoka.

Alikuwa na nini mwanamke yule? Sijui, wasikilizaji wapendwa. Nilikaa naye darasa moja na sijui. Hakukaliki naye. Chai aliinywa amesimama. Mumewe mtarajiwa alichoka kumsubiri, akaoa Port Blandford. Mtu akimuuliza, "Verna, unakwenda wapi?" anasema, "Kule." Kule wapi? Kule.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Miaka kumi na tatu iliyopita, mwezi wa Oktoba, ilikuwa wiki ya Verna. Alikuwa amepata seti aliyoitafuta maisha yake yote, matairi ya kokoto, magumu kiasi, duara moja sawasawa na jingine. Akasema anakwenda kuyajaribu kwenye njia ya zamani ya reli. Mnaijua, reli ziling'olewa, kokoto zikabaki, kutoka upande huu wa kisiwa hadi ule. Alisema angerudi jioni.

Alirudi baada ya siku kumi na tisa.

Siku kumi na tisa! Alifika hadi Port aux Basques, mwisho wa njia, akasimama kuitazama meli ya kwenda bara. Aliniambia mwenyewe baadaye, "Geraldine, yalikuwa hayatetemeki. Kila nikisema nageuza kwenye daraja lile, naliona daraja jingine mbele."

Huku nyumbani Jumamosi ikapita, na ya pili ikapita. Kuni za Selby zilikuwa zimekatwa na kupangwa ndani ya msitu, zinangoja kuvutwa. Theluji ikatangulia. Mama yao alikuwa na miaka themanini, anaishi kwa Selby, na nyumba ilikuwa baridi. Majirani tungempa kuni, tena kwa furaha. Lakini Selby si mtu wa kuomba. Alichukua msumeno, akashuka ufukweni, akaikatakata mashua ya baba yao. Mashua aliyoiunda Mzee Ambrose kwa mikono yake. Akaitia jikoni ubao mmoja mmoja.

Verna alipoingia, matairi yameisha yakawa vipara, alikuta omo la mashua, ile ncha yake ya mbele, liko kando ya jiko. Alisema, "Umechoma mashua ya baba." Selby akasema, "Umemwacha mama kwenye baridi." Hayo ndiyo maneno waliyosemezana. Baada ya hapo, kimya.

Kimya cha miaka kumi na moja. Narudia, miaka kumi na moja, na nyumba zao zinatazamana. Bi Drusilla alipofariki walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja na leso yake. Tulijaribu kuwapatanisha, mimi na wengine, tukaambulia aibu. Wahenga hawakukosea: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Lakini Jumamosi hazikukosekana! Hata moja. Saa mbili Selby anafungua ya kwake, anaiacha pikipiki juu ya magogo, anaingia ndani. Saa tatu Verna anatoka, anafunga ya kwake. Wiki inayofuata, kinyume chake. Hawakuonana uso kwa uso. Walitazamana kupitia pazia.

Ni kupitia pazia hilo Selby alipoona kitu. Kazi ya robo saa ilikuwa inamchukua Verna asubuhi nzima. Anakaza nati moja, anakaa chini. Anasimama, anashika ukuta, anakaa tena. Siku hiyo Verna alipoingia ndani, Selby alitoka akaijaribu nati kwa kidole. Ikazunguka. Nati za gurudumu la nyuma, zinazunguka kwa kidole!

Alivunja sheria ya mama. Alizikaza zote. Akafanya hivyo kila wiki ya Verna, kwa siri, hadi siku aliyozikaza kupita kiasi, na Jumamosi ilipofika dada yake akashindwa kuzifungua.

Jirani yao, Una Snook, anasema alizima televisheni ili asikie vizuri.

"Selby! Selby Feltham! Nani kagusa nati zangu?"

"Zilikuwa zinacheza, Verna."

"Sikukuuliza zilikuwa zinafanya nini. Nani kagusa?"

"Ulitaka gurudumu likuchomokee njiani ufe?"

"Miaka kumi na moja hunisalimii, leo ndiyo unaniogopea kufa?"

"Na wewe umenisalimia lini, mwanamke?"

"Shikamoo basi! Umeridhika? Haya njoo ufungue ulichokaza, jeuri mkubwa we!"

Selby akaja na spana. Akafungua ya kwanza, ya pili. Hapo Verna akakaa juu ya ndoo na kusema taratibu, "Sina nguvu, kaka. Ni mapafu. Daktari ameshaniambia."

Selby alileta chai yenye maziwa ya kopo. Verna akainywa ameketi. Kisha akauliza, "Ile mashua iliwaka vizuri?"

"Vibaya sana. Rangi tupu. Mama alikohoa hadi Krismasi."

Wakacheka. Wakacheka hadi wakalia, anasema Una, na Una naye akalia kwake peke yake. Verna akasema, "Ilikuwa nirudi ile Jumamosi. Nisamehe." Selby akasema, "Na mimi unisamehe ile mashua." Yaliisha hapo, wasikilizaji wapendwa. Miaka kumi na moja iliisha kwa kikombe kimoja cha chai, na mimi bado nina hasira nao wote wawili kwa muda walioupoteza.

Tangu siku hiyo Selby alibadilisha seti zote mbili. Verna aliketi kwenye ndoo yake kama msimamizi. "Toa hilo la mbele, lina mistari mno, litachimba."

"Si nimelifunga sasa hivi!"

"Basi njia ya kulifungua unaijua."

Mwezi wa nane mwaka huu, beri zilipoiva, Verna hakuweza tena kuendesha. Selby alimtandikia mito kwenye trela la kuni, akamvuta hadi kinamasini, juu ya matairi mapana ya dada yake. Anasema nyuma yake hakukuwa na utulivu hata kidogo. "Kasi, Selby! Unaendesha kama unabeba mayai!" Walifika, akachuma beri kikombe kimoja. Akataka waende mbele kidogo. Kisha mbele kidogo tena.

Alifariki Jumatano, katika wiki yake. Magurudumu yake yalikuwa yamefungwa.

Jumamosi ilipofika, ilikuwa zamu ya Selby. Hakutoka. Jumamosi ya pili hakutoka, na ya tatu vilevile. Jana nilipita pale, nikamkuta amepiga magoti na pampu kando ya gurudumu la nyuma la kulia. Linavuja taratibu pale tairi linapokutana na rimu, kwenye kutu. Kiraka hakisaidii hapo. Ni lazima gurudumu litolewe, tairi livuliwe, rimu isuguliwe. Na likitolewa tu, wiki ya Verna imekwisha. Kwa hiyo Selby analijaza upepo asubuhi. Jioni linakuwa limelala, analijaza tena.

Kwa niaba ya kituo chetu cha redio, na kwa niaba ya ghuba nzima, nakupa pole, Selby. Poleni, jamaa wote wa Feltham, popote mlipo. Na wewe unayenisikiliza, mwenye ndugu unayemtazama kupitia pazia, sikuhubirii. Fikiria tu ni miaka mingapi, na ilianza kwa siku ngapi.

Nilimuuliza Selby swali moja kabla sijaondoka. Nilisema, kaka, theluji iko njiani, na kuni zako bado zimelala msituni. Je, utafanyaje? Hakuacha kupiga pampu. Jibu lake nawaachia kama alivyolisema:

"Nitazibeba mgongoni. Alichelewa siku kumi na tisa, nikamnunia miaka kumi na moja. Safari hii na achelewe anavyotaka."