Sufuria ya Donal Imegoma Kufunguka

Nje ya duka la Maguire, pale kahawa inapotolewa dirishani kwenye vikombe vya karatasi, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kukaliwa na mtu mwenye haraka. Mvua ya Kerry, huku Ireland, hunyesha inapojisikia, na wazee watatu hukaa hapohapo chini ya kibaraza na kutengeneza dunia kwa mdomo. Malachy wanamwita Askofu, kwa sababu akishasema amesema, ingawa kanisani haonekani. Fergal ni Redio, na swichi yake ya kuzimia hakuna anayeijua. Wa tatu ni Donal, dereva mstaafu wa basi la shule, wanayemwita Taratibu, na si kwa sababu ya basi peke yake. Alasiri hiyo ya mkesha wa Watakatifu Wote, watoto wakipita barabarani na vinyago vyao, Donal alitokea akiwa ameikumbatia sufuria ya presha iliyofungwa taulo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayewahi hospitali.

— Imegoma, — alisema, akaitua katikati ya benchi. — Jiko nimezima, maji ya baridi nimeimwagia, nimeibembeleza weee. Kifuniko hakitoki.

— Ndiyo ile kolkanon ya kumpikia Gobnait? — aliuliza Fergal.

— Ndiyo hiyohiyo. Viazi, sukuma wiki, vitunguu vya majani. Maziwa na siagi vinangoja nyumbani, nitatia nikishaponda.

— Na bekoni je?

— We Fergal! Mwanamke hali nyama!

— Si kidogo tu, bwana. Ya harufu.

Donal alimkata jicho. Hiyo "ya harufu" ndiyo iliyomchosha Gobnait na mji mzima. Tangu usichana wake hagusi nyama, na kila sherehe ya parokia wanampakulia kabichi iliyochemshwa pamoja na bekoni. Nyama wanaiopoa jikoni, halafu wanamwapia kwa nyuso za kitakatifu kwamba sahani ni safi. Yeye huonja mara moja, akaweka uma chini, akaaga kwa adabu. Donal alikuwa akiyaona hayo kutoka meza ya pili, na kila mara alitaka kuinuka aseme neno, na kila mara akabaki amekaa kama gunia. Safari hii alikuwa amenunua sufuria mpya kabisa, isiyoijua nyama hata kwa kusimuliwa.

— Mimi nina swali la imani, — alisema Malachy. — Siagi inatoka kwa ng'ombe. Ng'ombe ni nyama. Sasa hapo utatokaje?

— Gobnait anakula siagi, Askofu. Anaila kuliko wewe.

— Basi hiyo ni siri yake na Mungu wake. Tatizo liko wapi? Iache ipoe, itafunguka yenyewe.

Donal alitazama huku na huku, akashusha sauti.

— Tatizo ni pete.

— Pete gani?

— Ya mama. Imo humo ndani.

Fergal alipaliwa na kahawa. Ni kweli kwamba siku hiyo kila nyumba hutia pete kwenye kolkanon, na atakayeikuta sahanini mwake ataingia kwenye ndoa kabla mwaka haujageuka. Lakini pete hutiwa mwishoni, viazi vikishapondwa, tena ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi. Hata watoto wale wa vinyago wanalijua hilo. Donal alikuwa ameitumbukiza mwanzo kabisa, juu ya viazi vibichi, akakaza kifuniko na kuwasha moto.

— Umeichemsha pete ya marehemu mama yako! — alisema Malachy.

— Niliogopa, ndugu yangu. Niliona nisipoitia saa ileile nitaghairi tena. Unajua nimeshaghairi mara ngapi?

— Wote tunajua, — alisema Fergal. — Mpaka padri anajua. Na kesho Gobnait anampa jibu dada yake, kama anahamia kwake Galway au hahami. Mwenyewe kasema dukani, nimemsikia kwa masikio yangu.

— Sasa unadhani kwa nini nina haraka?

Wote watatu wakaiinamia sufuria. Moyo wa Donal ulikuwa mzito. Mtu anayemtaka angekuwa mezani kwake jioni hii hii, na maneno yote aliyoshindwa kuyasema yalikuwa yamefungiwa humo pamoja na sukuma wiki.

— Hiyo pete imeziba tundu la mvuke, — Malachy alitoa hukumu. — Ukikilazimisha kifuniko kitaruka mpaka mnara wa kanisa.

— Kanisa liko karibu hilo! — alidakia Fergal. — Binamu yangu kule Tralee, yake ilitoka jikoni ikapita juu ya nyumba mbili, ikatua kwenye antena ya jirani. Mpaka leo ipo. Ndege wanataga humo.

— Acha zako, Fergal.

— Nenda kaulize Tralee! Tena nakwambia, hiyo tunaipakia garini tunapanda nayo mlimani. Kule juu hewa ni nyepesi, kifuniko chenyewe kitasema asanteni.

— Dhahabu haihimili presha, — aliendelea Malachy, hana habari na mlima. — Saa hizi imeshayeyuka, imeingia kwenye viazi. Na mimi naona hiyo ni heri. Akila tu, ameolewa kwa ndani. Hawezi kuikataa pete iliyo tumboni.

— Daktari akimpiga picha ya tumbo, cheti cha ndoa hicho hapo!

— Jamani, — alisema Donal, lakini kicheko kilimshinda naye. — Mnanicheka na mimi nazama.

— Hatukucheki, tunakuokoa, — alisema Fergal. — Shida yako unataka viazi ndivyo vikusemee. Na hata kikifunguka, utajuaje kijiko kitampa yeye pete na si wewe mwenyewe? Utajioa?

Donal alikuwa hajaliwaza hilo. Na hapo mlango wa duka ukalia, Gobnait akatoka na kifurushi cha chai mkononi, nywele zake za mvi zimelowa kidogo.

— Hamjambo hapa? Donal, nilikuwa nakuja kwako, kumbe uko barazani. — Akaiona taulo, akatabasamu. — Ndicho chakula chetu hicho?

— Ndicho.

— Kuna nini humo?

Swali la kawaida kabisa, ambalo Gobnait huuliza kila anapoalikwa. Fergal, ambaye hazimiki, alikichungulia kikombe chake kitupu. Malachy aliinua macho mawinguni.

— Viazi, — alisema Donal.

— Na nini?

— Sukuma wiki. Na vitunguu.

— Na nini tena, Donal?

Donal alilikaza fundo la taulo. Gobnait aliwatazama mmoja mmoja, na tabasamu likamtoka. Nyuso hizo anazijua. Ndizo anazoziona kila mwaka juu ya sahani ya kabichi.

— Bekoni, — alisema polepole. — Hata wewe.

Akageuka kuondoka. Donal alimwona anaufungua mwavuli wake kwa hasira, na alijua kwamba jibu la Galway limeshaandikwa. Akainuka. Goti liligonga benchi, hakulisikia.

— Pete! — alipaza sauti mpaka watoto wa vinyago wakasimama. — Ni pete, Gobnait! Ya mama. Nyama haimo hata chembe, sufuria yenyewe mpya, imejua viazi tu. Nilitaka uikute sahanini ili mimi nisiseme kitu, maana ni mwoga. Sasa haifunguki. Basi nasema mwenyewe. Usiende Galway. Nakupenda, nataka tuoane.

Gobnait alisimama akiwa amewapa mgongo, halafu akarudi taratibu.

— Hukutia bekoni?

— Sikutia.

— Wala maji yake?

— Wala maji yake. Naapa.

Macho ya Gobnait yalijaa machozi, na hakuyaficha. Malachy na Fergal walisogea bila kuambiwa, naye akakaa karibu na sufuria, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

— Ngoja nilete koleo, — alinong'ona Fergal. — Dakika moja tu, shemeji, tunaifungua.

— Iacheni, — alisema Gobnait. — Wote mkae mkijua nimemkubali yeye kabla sijaiona pete.