Maumivu ya Kifua cha Bwana Zadock

Mheshimiwa Chifu, Bwana Meneja Sukhdev, Mchungaji Wakhisi, wafanyakazi wenzangu wa kiwanda cha nguo, na akina mama mliotoka Nyamasaria kuja kuniaga: hamjambo.

Wote mliotangulia kusema mmesifu sindano zangu. Hakuna aliyetaja mazungumzo. Nimechoka kuulizwa, "Sista, kuongea tu ni dawa gani?" Kwa kuwa leo nastaafu, nitajibu mara ya mwisho, na Bwana Zadock Amolo, msimamizi wa mitambo, ameniruhusu nimtaje.

Wafanyakazi walipopunguzwa, ni Zadock aliyetumwa kusoma majina ya wanaoachishwa kazi. Tangu hapo, king'ora cha asubuhi kikilia, kifua kilimbana, jasho likamtoka. Madaktari wakapima moyo, wakaukuta mzima. Na ninyi mlisema nini? Wengine mlisema amerogwa, wengine mkasema ni pombe ya chang'aa, na mkewe Benta akayasikia yote sokoni.

Akaja kwangu kudai sindano. Nikamwambia aketi tuzungumze.

"Sista," akasema, "mimi si mwendawazimu."

Nikamjibu kwamba msongo wa mawazo si wazimu.

Kila Alhamisi alikuja kwenye chumba cha mazungumzo akanieleza habari za mitambo hadi nikakaribia kusinzia. Nilimfundisha kuvuta pumzi polepole king'ora kinapolia, na kujiuliza anaogopa nini hasa. Siku moja aliacha habari za mitambo, akasema, "Nilisoma jina la Dalmas, ndugu wa mke wangu, kama la mtu nisiyemjua." Akalia.

Tulizungumza sana kabla hajakubali kwenda Kombewa kumwona shemeji yake. Dalmas alimwacha amesimama uani, jua likimchoma. Mwishowe akamletea kiti, akamwambia, "Bed piny," yaani keti. Hawakukumbatiana. Waliongea habari za mahindi. Lakini usiku huo Zadock alipata usingizi, na siku hizi king'ora kikilia hushtuka kidogo, huvuta pumzi, huingia kazini.

Je, hiyo si tiba? Halafu nasikia chumba cha mazungumzo kitawekwa mapipa ya mafuta ya mashine! Bwana Meneja, kwa heshima zote, muuguzi Metrine anayenirithi ameisomea kazi hii kuliko mimi. Ufunguo nitamkabidhi yeye, si mtu wa stoo.

Nimewasikiliza ninyi miaka mingi. Leo mmenisikiliza mimi, ingawa wengine macho yenu yako kwenye sufuria za pilau. Asanteni, na mle vizuri.