Benchi Nililolipaka Samli

Elpidius, acha kuhangaika na huo mto, keti. Na wewe Projest uliyesimama mlangoni kama mgeni anayeuliza njia, ingia, hii ni nyumba ya baba yako. Placida binti yangu, mpishe kaka yako. Ebo! Hata leo, nami pumzi zinaniishia, mnagombea nani akae karibu na kitanda! Sikilizeni wanangu, maana sitarudia.

Mipaka ya kibanja hiki cha Kamuli mnaijua: migomba ya juu ni ya Elpidius, kahawa ya bondeni ni ya Placida, na sitaki kusikia neno. Linalonikaba koo ni lile gari.

Yule Mzungu wa machimbo ya bati alipoondoka aliniachia gari fupi, jekundu, la mashindano, lisilo na paa, lenye viti viwili tu. Viti vyenyewe vilikuwa chini mno, makalio karibu yaguse sakafu, miguu umeinyoosha mbele, kingo zimekubana mbavu huku na huku. Nami nikaona ni dharau, mzee mzima nikae kama mtoto anayelishwa uji, tena watu wawili tu wakati nyumbani tuko watano! Nanyi mkanichosha. Kila Jumapili ya kwenda misa ni ngumi uani, nani akae karibu na baba, mpaka majirani wakawa wanakuja na pombe yao ya rubisi kutazama. Nikasema basi, nitawakomesha. Nikamwita Rwegoshora seremala, ang'oe viti vyote viwili, aweke benchi moja la mbao ya msizi, juu, la kukaa watu watatu kwa heshima. Rwegoshora akaniambia, "Mzee Kaijage, viti hivi vimewekwa chini kwa sababu, na mlango ni mfupi, ukimwinua mtu juu hautamfika hata kiunoni." Nikamfokea. Halafu nikachukua samli, nikalipaka lile benchi kwa mikono yangu mwenyewe, nikalisugua ling'ae kama tunavyofanya vigoda vya wageni.

Kilichotokea mnakijua, ila mnakijua vibaya. Kwenye kona ya Igurwa Projest alikuwa anaendesha, mimi katikati, mama yenu pembeni. Gari likakata kona, tukateleza kwa ile samli, nikamsukuma mama yenu kwa uzito wangu wote, naye akapita juu ya mlango. Nyonga ikavunjika. Nami nikasimama barabarani mbele za watu nikasema, "Mwanangu kaendesha kama mwehu." Verdiana mke wangu, usinifinye mkono, acha niseme! Miaka sita Elpidius unamwita mdogo wako mlemaza mama, miaka sita Projest unakaa Nyakasimbi kwa watu baki, nami nakula, nalala, nasali. Alikuwa anaendesha polepole, jamani. Polepole kabisa. Mama yenu alijua, akanyamaza kwa ajili yangu, na kunyamaza kwake kumenitesa kuliko kelele zenu zote.

Elpidius, usilie, hunisaidii kitu. Mwombe mdogo wako radhi, sasa hivi, nisikie... Kwa sauti, masikio yangu yamekwisha... Haya. Nami Projest, nisamehe. Niliogopa aibu yangu mwenyewe, nikakutwika wewe.

Gari ni lako. Viti viko darini juu ya ghala, nimevifunga kwa majani makavu ya migomba. Virudishe chini palepale vilipokuwa, na lile benchi lipasueni kuni za matanga yangu. Kiti cha pili atakikalia kwanza mama yenu, mpeleke misa, na asithubutu mtu kukigombea. Elpidius, wewe utatembea.

Placida, maji... Tosha. Sogeeni, nyote, nipate kuwagusa vichwa. Mungu awaweke... awaweke pamoja, awape watoto wasiowachosha kama mlivyonichosha mimi. Projest, inama. Ukifika ile kona na mama yako... endesha... kama siku ile.