Rinus Kloosterboer na Nyundo Yake

Marinus Kloosterboer, ambaye Rotterdam nzima ilimwita Rinus, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mtaa wa Charlois, mtoto wa pili wa Arie, kuli wa bandarini, na mkewe Neeltje. Mimi ni Truus, dada yake. Nitasoma nikiweza. Nikishindwa, kaeni kimya mnisubiri.

Alisoma shule ya ufundi hadi 1982. Mwalimu alimtoa darasani kwa kugonga dawati, naye akaenda kugonga mlango kutoka nje. Mama alimpokea kwa kofi, kisha kwa supu ya njegere.

Marehemu alikuwa dereva wa kreni bandarini. Tarehe 3 Oktoba 1992 alikodi bohari lililokuwa la ndizi, akapanga spika ukuta hadi ukuta, akaanzisha tamasha la tekno, muziki wa mashine wenye mdundo wa kasi, aliloliita Nyundo. Mwaka wa kwanza walikuja watu mia tatu. Wa tatu walifika elfu tisa, vichwa vimenyolewa, wamevaa suti za michezo, wakirusha mateke na ngumi hewani kama tunavyocheza sisi.

Tarehe 11 Februari 1995 waliingia mashabiki wa mpira kutoka Amsterdam, skafu zao shingoni. Mahasimu wao, mashabiki wa kwetu Rotterdam, walikuwa wakiwasubiri. Rinus alikuwa jukwaani akipiga muziki kwenye mashine zake. Aliona mateke na ngumi, akadhani watu wamekolewa na muziki, akaongeza kasi. Ee Mungu wangu! Watu walikuwa wakipasuliwa vichwa kwa vyuma, meno yakidondoka sakafuni, na mdogo wangu huko juu anawashangilia! Alipoona damu kwenye spika alizima muziki, akaruka chini kuwaamua. Kijana wa Amsterdam, Wessel Brandjes, alimchoma jicho la kushoto kwa chupa iliyovunjika. Mimi ndiye niliyeliziba kwa kiganja.

"Dada, wamekufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa. Nyamaza, unavuja damu."

"Na mimi nimewaongezea mwendo," alisema, akalia kwa jicho lililobaki.

Jiji liliifunga Nyundo. Aliifungua tena 1997 kwa sharti moja: kila mwenye skafu ya timu aipigilie mlangoni kwa msumari, kwa mkono wake mwenyewe, ndipo aingie. Siku ya ufunguzi alitokea Wessel, katoka jela majuzi tu. Walinzi walimwangusha wakamvunja mbavu. Rinus aliwasukuma pembeni, akamtupia nyundo.

"Pigilia, mshenzi wewe! Halafu simama hapohapo. Kuanzia leo mlango huu ni wako."

Wessel aliulinda mlango ule hadi Nyundo ya mwisho, mwaka 2019. Miaka yote hiyo sikumpa hata salamu.

Tarehe 6 Juni 1998 marehemu alimwoa Anneloes Vink. Karamu ilifanyika bohari lilelile, na Mama alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Walijaliwa watoto wawili.

Novemba iliyopita aligundulika na saratani ya kongosho. Ilimla upesi, ikamwacha mifupa. Siku mbili kabla ya kufa aliniita kitandani.

"Wessel abebe jeneza. Mbele, kushoto. Upande wa jicho."

"Labda nife mimi kwanza!"

"Dada, acha ubishi. Foleni hii nimetangulia mimi."

Alicheka, akakohoa damu kwenye mkono wangu. Alifariki nyumbani tarehe 9 Januari 2024, Anneloes akiwa amemkumbatia. Wessel alikuja kuniomba mara mbili. Mara ya kwanza nilimfungia mlango usoni. Jana nilimtemea mate, naye hakujifuta. Ndiyo maana wabebaji mnaowaona ni watano, na mbele kushoto hapana mtu.

Marehemu ameacha mjane, Anneloes. Watoto, Teun na Fenna. Na mimi dada yake.

Pia ameacha mlinzi wake. Nakuona, Wessel, umesimama mlangoni kama kawaida yako. Sijakusamehe, na usinisogelee kunipa mkono. Lakini yeye alikutaka wewe. Njoo, mbele kushoto. Bega chini, mnyanyueni kwa pamoja, na mwende polepole. Leo hakuna wa kuongeza mwendo.

Rinus wetu, pumzika kwa amani.