Vikaratasi vya Fundi Cherehani

Dereva wa basi la uwanja wa ndege alikuwa na ugonjwa wa kutega sikio, na asubuhi ile kiti cha nyuma yake kilimpa kazi. Fundi cherehani, mama wa makamo, alishika vikaratasi vilivyotobolewa na pini. Alikuwa akivibandika ukutani mbele ya cherehani yake, akikariri huku anashona. Mwalimu mstaafu aliyeketi naye aliviomba, akavisoma kimoja kimoja.

"Mama, mbona vyote ni 'get'?"

"Niliambiwa Waingereza hulitumia neno hilo kwa kila kitu. La kuamka, 'get up', ninalo, la kupanda gari ninalo, la kupona pia. Mjukuu wangu ana miaka mitano, Kiswahili hajui hata chembe."

"Umejitahidi sana. Anakuja likizo?"

"Anakuja na baba yake, na mwili wa mama yake. Binti yangu. Tunazika kesho."

Dereva akapitiliza kituo kizima. Hakuna aliyemlalamikia.

"Pole, mama," mwalimu alisema.

"Juzi kwenye simu aliniuliza mama yake ataamka lini. Nilimwelewa, mwalimu, maana cha kuamka ndicho nilichoanza nacho. Niandikie jibu. Kalamu hii hapa, na kikaratasi kitupu."

Mwalimu, aliyelifundisha neno lile miaka thelathini, akaishika kalamu.

Basi likasimama uwanja wa ndege, abiria wakashuka na mizigo yao. Dereva, ambaye kila siku huwakemea wanaochelewa kushuka, alizima injini akajifanya anafuta kioo. Kikaratasi kilikuwa bado cheupe.