Mota Niliyoivalisha Ngozi

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine wa kikundi, habari za tangu tulipoachana. Mwenyekiti ameniambia nisiwe mrefu. Nitasimama kadiri mguu utakavyokubali, ukikataa nitamalizia nimekaa.

Wapo wageni leo, kwa hiyo naanza mwanzo. Mguu wangu wa kulia ulivunjwa na dume la ng'ombe nikiwa nalima. Ulipona, lakini haukunjiki. Baiskeli ya kawaida siiwezi tena. Ndipo kaka yangu aliyeko Arusha akanitumia baiskeli ya umeme, ile yenye mota katikati ya gurudumu la nyuma. Hukanyagi pedali, unazungusha mkono tu na inakwenda. Nikaanza kukusanya maziwa ya majirani kule Gendabi, ya wakulima na ya wafugaji, nikiyapeleka kwenye kituo cha maziwa kabla jua halijawa kali. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa mtu tena. Watoto walinipisha barabarani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwetu, kitu ukikipenda unakifunika. Asubuhi zetu mnazijua, baridi mpaka mifupani, na tope la masika halina adabu. Nikachukua ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, nikaishona kuizunguka ile mota vizuri kabisa, isiguswe na baridi. Mnacheka, lakini wapo humu ndani waliokuja kuiangalia wakaniambia nimefanya la maana.

Siku moja nikiwa na madumu yamejaa, kwenye kile kilima kirefu cha kwenda kituoni, mota ikaanza kulegea. Nikasema moyoni, baridi imeingia, ngoja nikazane. Nikazungusha mkono mpaka mwisho. Ikaja harufu kama ya plastiki jikoni, halafu moshi ukatoka kwenye manyoya, na gurudumu likafa pale pale.

Mtu mwenye miguu miwili angeisukuma. Mimi nilikaa kando ya barabara na maziwa ya watu, jua likipanda. Bodaboda zilipita zimejaa abiria na magunia. Sikumwita mtu yeyote. Nilikaa tu mpaka maziwa yakaharibika, na nililia, siwafichi.

Mke wangu alijitwika lile gurudumu mpaka kwenye basi, mimi nikimfuata na gongo langu. Huko Mbulu tukampata mzee mmoja anayesuka upya waya za mota za mashine za kusaga. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Akafungua, akatazama shaba ilivyokuwa nyeusi. "Hii ulikuwa unaipika na nini?"

Nikamweleza habari ya ngozi. Hakucheka.

"Mota inatolea joto kwenye ganda lake," akasema. "Wewe umeliziba. Nitaisuka upya, nitaweka na waya mnene zaidi. Na nitakufungia kidude cha kupima joto. Ikizidi, itajizima yenyewe mpaka ipoe."

"Na kilima, mzee?"

"Kilima ni kirefu na mzigo wako ni mzito. Siwezi kukudanganya."

Vifaa vilichelewa kuja. Muda wote huo mke wangu alibeba maziwa kichwani, anarudi hawezi hata kuinua mwiko. Mimi nimekaa mlangoni. Nilifika mahali vijana wakiniamkia naona haya kuitikia marahaba. Marahaba ya nini, mtu asiyeweza kubeba hata ndoo ya maji? Nilimwambia mke wangu arudi kwao apumzike kutokana na mimi. Akaniuliza kama nimekula, basi.

Mota ikarudi. Siku ya kwanza niliondoka nimejaa furaha, na katikati ya kile kile kilima taa nyekundu ikawaka na mota ikajizima. Haikuungua. Ilikataa tu. Ndugu zangu, siku ile niliona bora ingeungua. Nikatoa koleo mfukoni nikate waya wa kile kidude, ipande, kama ni kufa ife.

Mfugaji mmoja jirani yangu alikuwa anapitisha ng'ombe. Akawaacha, akaja kushika baiskeli kwa nyuma.

"Sijakuomba," nikamwambia.

"Najua. Hujawahi kuomba. Shika usukani."

Akasukuma. Huku nyuma ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya mtu, na mwenye mahindi akatoka na fimbo anafoka. Akatufikia, akatuona tulivyo, akatupa fimbo akashika upande wa pili. Basi wakanisukuma hivyo, huyu akidai mahindi yake, yule akimwambia shamba limeingia njia ya mifugo, wanagombana juu ya kichwa changu mpaka kileleni. Wala hawakupatana. Ila maziwa yalifika mazima.

Namshukuru yule fundi, aliyekataa kunidanganya. Nawashukuru wale wawili, wanajijua, na kesi yao ya mahindi Mungu aisaidie. Mke wangu yupo pale nyuma, ameinama hataki nimtaje, kwa hiyo simtaji.

Nilichojifunza ni kwamba chuma kinajua kusema nimechoka kabla hakijaungua, na mimi nilikuwa sijui. Humu ndani tupo wengi tusiojua. Tunakaa kando ya barabara tumenyamaza, halafu tunawanunia waliopita.

Msiondoke mkidhani nimepona. Mguu ni ule ule, na kilima hakijapungua. Kesho asubuhi, jua likianza kupanda, mota itajizima na mimi nitakuwa pale katikati, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Atakayepita, naomba anisukume.